Daktari Kabla ya Siku Zake

Bakr hajamaliza hata mwaka wa kwanza wa udaktari huko Uturuki, Lamu walikuwa wameshampa shahada. Ami yake, Bwana Jeilani, ndiye aliyeanza kumwita Daktari, mtaa ukadakia, na mamake, Bi Alawiya, mchoma mikate ya mofa, akawa Mama Daktari. Jina hilo alilipenda, kwa nini aseme uongo? Sokoni alipishwa njia.

Kila Ijumaa baada ya sala nyumba nzima ilizunguka simu ya video kuongea na Bakr. Huyu alimwonyesha goti lililovimba, yule alimsomea presha yake, naye Jeilani alimkumbusha kwamba ukoo mzima unamtazama yeye. Walimpenda, hilo halina ubishi. Kijana alijibu alhamdulillah, akaaga kwamba ana masomo. Mwaka wa pili alhamdulillah zikazidi, maneno mengine yakapungua, na kamera ikawa haifunguki. Jeilani akasema wasomi ndivyo walivyo, hawana muda wa porojo. Bi Alawiya hakuridhika. Mwanawe tangu utotoni alikuwa na mdomo kama cherehani. Kimya hiki hakukizaa yeye.

Jumanne moja, mikate ingali motoni, alimpigia akiwa peke yake.

"Bakr," alimwita.

Upande wa pili kijana akalia, akalia kama aliyefiwa. Alipopata sauti alieleza kwamba tangu Ramadhani haendi darasani, analala mchana kutwa, chakula hakipiti, na simu ya nyumbani ikilia tu moyo unamwenda mbio. Yeye hakuna anayemuuliza hali. Wote humuuliza Daktari.

Bi Alawiya aliona haya, maana aliyelifurahia jina lile kuliko wote ni yeye. Hakuzungukazunguka, alimtaka radhi mwanawe. Akamsihi aende siku hiyo hiyo kwa mshauri wa wanafunzi; Ijumaa ami yake atajibiwa na yeye mamake.

"Ukiweza, soma," alimwambia. "Ukishindwa, ndoo, rudi kwenu. Ndia uliyokwendea ndiyo ya kurudia."

Kijana akavuta kamasi.

"Nikirudi, watakuita nani, Mama?"

"Mama Bakr. Ndilo jina nililopewa siku uliyozaliwa, na sijaambiwa limekwisha."