Maji ya Kisima kwenye Rejeta

Kila mwenye gari huambiwa jambo moja jepesi: angalia maji ya rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, na utie kulanti, dawa ya kupozea injini, si maji yoyote uliyoyakuta. Baba yangu aliambiwa na mafundi, na mimi bintiye nilimwambia mpaka nikachoka, kwani ndiye niliyekuwa nikimwendesha tangu magoti yalipomshinda. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina kisima uani. Maji yake babu zetu walitawadhia, na kwa baba hilo lilitosha. Kila Ijumaa alijaza galoni, tukatoka nalo vichochoroni mpaka kwenye gari, akanisimamia nikimimina.

"Maji haya yana chumvi, baba."

"Yana baraka. Hiyo kulanti yako imetiwa rangi tu."

Nilikasirika, lakini nilimimina. Chumvi hula chuma kimyakimya. Huziba njia nyembamba za rejeta, maji yakashindwa kuzunguka, injini ikachemka. Ikichemka mara kwa mara, gasketi inayoziba injini huungua na maji huingia kwenye oili. Yote hayo nilikuwa nikiyajua, na kujua hakukunifaa kitu, maana gari ni yake na neno ni lake.

Asubuhi moja simu ililia kutoka Mkokotoni: shangazi amefariki, atazikwa baada ya adhuhuri. Baba hakuwa na ndugu mwengine aliyebaki. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hivyo mimi ningebaki na wafiwa. Yeye ndiye aliyetakiwa kuwahi, amtilie dada yake udongo.

Tulipofika Bububu mshale wa joto ulikuwa umepanda juu kabisa. Nikasimama kando ya barabara.

"Tia maji twende," akasema.

"Ukifungua rejeta imechemka inakubabua uso. Tungoje ipoe."

"Nngoje nini? Dada yangu hangoji!"

Tukangoja. Ilipopoa nikamimina maji ya galoni, yale yale ya kisima, kwa kuwa hatukuwa na mengine, tukaondoka. Tulipopita Mahonda moshi mweupe ukafumka kwenye boneti, injini ikagonga mara mbili tatu, ikazima. Nikavuta stiki ya kupimia oili. Ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na hapo nilijua kwamba gari haiendi tena.

Gari za abiria za shamba zilisimama, watu wakashuka kutusaidia, lakini ngazi zake ni za juu na magoti ya baba hayakukubali kupanda. Walijaribu kumnyanyua, akapiga ukelele wa maumivu, wakamrudisha kitini. Nikampigia binamu yangu wa Mkokotoni aje kutuchukua. Akasema maiti ishatolewa nyumbani, akitoka kuzika atakuja. Msikiti wa kijiji ukaadhini adhuhuri. Baba akaswali alipokaa.

Simu ikalia. Nilisikiliza, nikaiweka chini.

"Washamzika, baba."

Aliitazama barabara ya mbele. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu.

"Washa," akasema.

"Baba, injini imekufa."

"Washa, mwanangu. Tutawahi."

Nikageuza ufunguo, kwa sababu sikuwa na kitu chengine cha kumpa.