Mushale yenye haikupita Kasomeno

Plamedie ni mutoto wa marehemu mudogo wangu. Mie njo nilimulea hapa Lubumbashi, na samaki kavu yenye ninaleta kutoka Kasenga na kuuzisha njo ilimusomesha. Sasa iko na miaka makumi mbili na saba, kazi yake ni kutengeneza programe za telefone. Tangu utoto, mbele ya kufanya kitu anakichora kwanza. Hata siku ya bageni alichora na krayo nani ataketi wapi. Nilimucheka.

"Plamedie, bukari haipikwe na krayo!"

"Ndiyo, mama mukubwa. Lakini leo hakuna mugeni alikosa kiti."

Siye bamama ba samaki tuko na shirika na depo moja ya kuwekea magunia. Tulichoka kugombania magunia, tukaomba biro yenye Plamedie anatumika kazi itutengenezee programe: kila gunia ionekane mu telefone, iko wapi na iko ya nani. Plamedie akakuya ku depo na papie mukubwa kama shuka ya kitanda. Alichora kisanduku kimoja Kasenga, kingine Lubumbashi, kamuntu kenye kubeba gunia, na mishale ya kuonyesha njia.

Akasema mbele ya bote: "Nimechora ili hata muntu mwenye hajue kusoma aone kama nimekosa. Ku papie nafuta tu. Mu programe itakuwa kubomoa nyumba."

Mama Kangwa, mwenye meza yake iko karibu na yangu, akaniangalia, akacheka kidogo. Miaka yote nabeba kitabu cha nyimbo ku misa, nakifungua vizuri, nachezesha midomo. Jina langu tu, Albertine, njo najua kuandika. Nilisikia kama Plamedie amenivua kitambaa ku kichwa.

Na ile michoro ya papie niliielewa yote. Mushale ilitoka Kasenga na kuingia Lubumbashi, bila kusimama Kasomeno, katikati ya njia. Lakini wakati wa mvua kamio yenye kubeba magunia inasimama Kasomeno, ninafungua magunia, ninaanika samaki tena. Ikikauka inapunguka. Basi samaki ya bamama babili inaingia mu gunia moja, na ninafunga ku shingo ya gunia kitambaa cha kila mwenye mali. Bengine banangojea ku depo tu, habajue ile kazi.

"Mama mukubwa, weye njo unasafiri na kamio. Iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema. Nikatia sahihi chini, kwa nguvu, papie ikatoboka.

Alitumika ile kazi miezi ine. Kamio ya kwanza ya mvua ikafika: Kasenga baliandika magunia makumi ine, makumi mbili na saba njo yakashuka. Telefone ikasema kumi na tatu yamepotea. Bamama bakamurukia shofere Osée, shati yake ikapasuka. Nikashuka mbio, nikaeleza, bakamuacha. Lakini programe haikukubali gunia moja iwe ya bantu babili. Ilijengwa vile tangu musingi. Monsieur Edouard, patron wa Plamedie ku biro, akamupa siku tano za kujieleza, kiisha ataona kama anamufukuza.

Plamedie hakunigombeza. Aliketi tu ku mulango.

"Mama mukubwa, ile siku hukuona?"

"Macho yangu imezeeka."

"Ile ile yenye inaona inzi ku samaki ya Mama Kangwa?"

Bukari yangu ikapoa mu sahani.

Siku ya tatu nikabeba ile papie mupaka ku biro. Monsieur Edouard akanipa kiti. Nikakataa.

"Kosa si ya Plamedie. Niliiona, nikanyamaza."

"Lakini mama, ulitia sahihi. Hukusoma?"

"Sijue kusoma. Njo maana nilikasirika alipotaja mwenye hajue kusoma mbele ya bote. Lakini hii mishale niliisoma yote."

Bijana ba biro bakasimamisha kazi, bakaniangalia.

"Mama, ungetuonyesha hapa na kidole, dakika moja tu. Sasa miezi ine imeenda bure, na mbili ingine ya kurudilia. Shirika yenu inaweza kutuacha."

"Basi munifukuze mie."

"Namna gani? Weye hatukukuandika kazi!"

Moja ya bale bijana akacheka. Mie hapana.

Hakumufukuza Plamedie. Lakini kuongoza kazi alimupa Aristote, mwenye Plamedie mwenyewe alifundisha. Ile sikuweza kuirudisha.

Juma iliyopita Plamedie alileta papie mupya ku depo. Kasomeno iko na kisanduku chake, na gunia yenye bitambaa bibili. Alimuonyesha Mama Kangwa kwanza, kiisha bengine. Mie wa mwisho.

"Iko sawa?" akauliza, macho ku papie.

Nikaangalia muda murefu. Nikatia kidole kati ya Kasenga na Kasomeno.

"Hapa, kamio ikiharibika, tunagawanya magunia ku kamio mbili. Ingine inafika kesho yake."

"Eh, Mama Albertine!" Mama Kangwa akasema. "Leo umeona?"

"Leo nimeona."

Plamedie akachora mushale ya pili. Hakusema aksanti. Upepo ulikuwa unainua pembe ya papie. Nikaishika na mukono, na sikuitoa mupaka alipomaliza.