Sanamu Yenye Uso wa Verlin

Verlin Haugen alikuwa fundi wa pampu za maji, na kama si ndevu zake angezeeka hivyo hivyo, akasahaulika kwa raha zake.

Mji wetu wa Pruitt, huku kwenye nyika za Dakota, ulipotimiza miaka mia, baraza liliamua kumsimamishia sanamu mwanzilishi wetu, Ezekiel Pruitt. Huyo ndiye aliyekuja na mkokoteni, ng'ombe akamfia ukingoni mwa mto, naye akasema basi, hapa hapa. Picha yake hakuna aliyekuwa nayo. Mchongaji akamwona Verlin mkahawani, akamwambia, "Kaa hivyo hivyo." Shaba ikatoka na pua ya Verlin, ndevu za Verlin, hata jicho lake la kushoto lililolegea.

Mwanzoni walimtania tu. Lakini mzaha mzaha hutunga usaha. Theluji ilipoyeyuka na mto kufurika, kama kawaida yake, watu walimjia mlangoni na viatu vilivyolowa.

"Mzee, ulifikiria nini kutuweka mtoni?" alifoka Bi Lavonne, mwoka mikate.

"Mimi? Mimi hata sikuwepo!"

"Usitufanye watoto. Uso si huo huo?"

Aliponyoa ndevu, meya alikuja mwenyewe kumsihi aziache ziote tena. Mkewe, Ardis, alipofariki wakamzika kule bondeni karibu na mto, mchungaji alimsifu marehemu kwa kuvumilia baridi ya safari ya mkokoteni. Hilo lilimuuma Verlin kuliko yote. Ardis alikuwa mwalimu wa piano.

Ndipo akaamua kuhamia Oregon, kwa binti yake. Alitaka kitu kimoja tu: afie mahali anapoitwa Verlin.

"Mwanzilishi hahami, mzee," meya alimwambia.

"Fundi wa pampu anahama," akajibu, akawasha pikapu yake.

Alifika kilimani, nje kidogo ya mji, rejeta ikachemka, injini ikakohoa, ikazima. Akaketi kando ya barabara kumsubiri fundi wa magari. Akatokea Bi Lavonne na pai ya tufaha. Akatokea meya na viti. Kufika alasiri palikuwa na mahema, nyama iko motoni, na mchungaji anapima viwanja kwa hatua. Fundi wa magari naye alikuja, ila alikuja na hema. Injini hakuna aliyeigusa.

"Hapa maji hayafiki," alisema Bi Lavonne, akikanyagakanyaga nyasi. "Enhe! Safari hii umechagua vizuri, mzee."

"Sijachagua! Gari limeniharibikia!"

"Na yule ng'ombe je?" meya akauliza kwa upole.

Verlin aliitazama barabara ya Oregon, kisha akageuka kutazama bonde, ambako mto ulikuwa umeshaanza kupanda na kuingia makaburini.

"Haya, sema, tuanze na nini?" meya akaendelea. "Posta?"

"Makaburi," alisema Verlin. "Yawe hapa juu. Ardis wangu analowa kila mwaka."

Meya akavua kofia.

"Na safari hii mkimzika," akasema Verlin, "mseme alifundisha piano."