Maneno ya Kiti cha Nyuma

Jina la Dereva lilimganda hata baada ya kuacha kuendesha. Kwa miaka kumi na tisa aliwabeba maafisa wa ustawi wa jamii kwenye gari la ofisi, akawasubiri nje ya nyumba za watu, hospitali na mahakama, hadi siku alipojiambia kwamba kazi anayoichungulia dirishani anaiweza. Akaenda chuo akiwa na miaka arobaini na mbili, akakaa na vijana waliomwita mzee na kuazima kalamu zake wasizirudishe. Aliporudi na cheti, ofisi ikampa meza, mafaili na kadi ya kuvaa shingoni. Wenzake wakampigia makofi, wakaendelea kumwita Dereva.

Hakujali hata kidogo. Miezi mitano ya mwanzo alikwenda kazini kama mtu anayekwenda harusini. Alifika mfagiaji akiwa bado na ndoo mkononi, akainyoosha meza yake iliyowekewa boksi chini ya mguu mfupi, akasoma mafaili ya siku huku akitabasamu peke yake. Mkewe alimwambia watu watadhani ameokota kitu.

Jumatatu moja, saa nne hivi asubuhi, alisikia sauti za kubishana masjala. Binti mmoja alikuwa amesimama mbele ya kaunta, bisibisi ndogo ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Alikuwa fundi simu, na ilikuwa mara yake ya tatu kuja kuulizia faili lake.

"Dada, nimekwisha kukuambia," mtunza masjala alisema kwa kuchoka. "Bomba lilipasuka, kabati la chini likajaa maji. Tulichotoa mle kilikuwa uji. Faili lako halipo."

"Na aliyelishika?"

"Alifariki. Miaka sita sasa."

Fundi simu aliinamisha kichwa. Dereva akaona hawezi kumwacha atoke hivyo. Akamkaribisha mezani kwake, akampa maji ya kunywa, akamwomba asimulie tangu mwanzo.

"Sina mengi," binti alisema. "Nililelewa na waoka mikate. Nyumba yetu iko nyuma ya tanuri, geti la bluu. Mwaka jana nilipotimiza miaka ishirini na moja, mama akanikalisha chini akaniambia hakunizaa. Nililetwa na gari la ofisi hii nikiwa na wiki tatu. Mvua ilikuwa inanyesha, gari likakwama kwenye tope palepale getini, baba akatoka na watu wa tanuri wakalisukuma. Ndiyo hayo tu ninayoyajua."

Kalamu ya Dereva ilisimama.

Alikuwa ndani ya gari hilo. Yeye ndiye aliyekanyaga mafuta huku magurudumu yakizunguka bure, na jioni yake alifuta alama za viganja vya unga na tope zilizobaki nyuma ya gari. Na hakuishia hapo. Wiki hiyohiyo alimbeba mama wa kichanga hicho, mwanafunzi wa sekondari aliyetoka hospitali mikono mitupu, akamsikia akimwambia marehemu afisa kwa nini anamwacha mwanawe. Marehemu alikuwa na utani kwamba dereva wake hana masikio. Kumbe anayo, tena makubwa. Na mwanafunzi yule sasa alikuwa mtu mzima, mwenye saluni yake nyuma ya posta. Jumamosi iliyopita tu Dereva alimwona akianika taulo.

Sentensi moja! Sentensi moja tu, na miezi yote ya kuhangaika imekwisha. Ilikuwa imefika kwenye ncha ya ulimi. Akanywa maji, akasahau kwamba glasi ilikuwa ya mgeni.

Fundi simu alimkazia macho. Mtu anayeshinda akitafuta waya uliokatika ndani ya simu hapitwi na dalili ndogo. "Mzee, unajua kitu?"

Kudanganya hakutaka. Kusema hakuruhusiwa, ingawa wakati huo hakuwa na hakika ni nani hasa anayemkataza.

"Ninachojua," alisema polepole, "ni kwamba sijamaliza kutafuta. Niachie namba yako. Na sikuahidi chochote, umenisikia?"

"Nimekusikia," binti alisema, lakini alitoka akitembea kwa haraka kuliko alivyoingia.

Dereva naye alitoka mbio, akaingia kwa msimamizi wake bila hodi. Msimamizi alikuwa mama mfupi wa maneno machache, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Bosi, nimempata!"

"Umempata nani?"

"Mama yake! Yule binti wa faili lililolowa!"

"Funga mlango," msimamizi alisema. "Kisha kaa. Kisha pumua."

Dereva alimwaga yote. Msimamizi hakumkatiza. Alipomaliza, akamuuliza swali moja: "Yule mwanafunzi alimwambia nani maneno hayo?"

"Marehemu."

"Wewe alikuambia?"

"Hapana, lakini nilikuwepo."

"Hata usukani ulikuwepo."

Neno lile lilimchoma kidogo. Miaka kumi na tisa, halafu anafananishwa na usukani! Msimamizi aliona, akalainisha sauti. "Sikutukani, kaka yangu. Nakuuliza kwa sababu mtu anapolia ndani ya gari la ofisi, anaamini kila aliyemo atanyamaza. Wewe umenyamaza zaidi ya miaka ishirini na moja. Usije ukaharibu leo kwa furaha."

"Lakini binti ana haki ya kujua."

"Ana haki ya kutafuta. Na yule mama ana haki ya kuulizwa kabla hajapatikana. Huenda ana mume asiyejua. Huenda ana watoto. Ukimtaja leo, kesho binti yuko mlangoni kwake mbele ya wateja."

Dereva hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amekwisha kuwaona kichwani wamekumbatiana, naye amesimama pembeni akifuta machozi. Alicheka kwa aibu, akakiri. Msimamizi naye akacheka, akamwambia kila afisa mgeni huwa na picha ya namna hiyo, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa nayo, ikamtokea puani.

Wakapanga. Dereva aliandika alichokijua na alikijuaje, karatasi ikafungiwa kwenye droo ya msimamizi. Fundi simu akapigiwa, akaambiwa ukweli bila chenga: pamepatikana pa kuanzia, kuna mtu lazima aulizwe kwanza, na anaweza kukataa. Binti akasema, "Muulizeni vizuri."

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, wakaenda saluni kwa miguu. Gari lenye maandishi ya ofisi lingetangaza habari mtaa mzima. Msusi alikuwa akifungua mlango, ufagio kwapani, bado hakuna mteja. Msimamizi alikuwa ameandaa maneno ya kumwomba nafasi ya faragha. Hakupata kuyasema. Msusi alimtazama Dereva, ufagio ukamponyoka.

"Wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyegeuza kioo."

Dereva hakuelewa.

"Siku ile nilikuwa nalia. Nikaona macho yako kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma, nikaona haya nikajiziba uso. Ukanyoosha mkono ukakigeuza juu. Ukaendesha hivyo mpaka nyumbani."

Alikuwa amekwisha kusahau kabisa. Msimamizi ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya chini, wakiwa wameingia ndani na mlango umerudishwa. Alimweleza msusi kwamba mwanawe yu hai, ana afya, ana kazi, na ameomba kumjua. Kwamba hajaambiwa jina wala mahali. Kwamba akisema hapana, itabaki hapana, na ofisi haitarudi kumsumbua.

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja. "Ana kazi gani?"

"Tukikujibu hilo tutakuwa tumeanza kuufungua mlango wake bila kumuuliza," msimamizi alisema kwa upole.

"Kweli." Akapangusa macho kwa ncha ya aproni. "Mume wangu hajui. Nipeni muda."

Waliacha namba ya ofisi, wakaondoka.

Muda huo ulikuwa siku kumi na moja, na Dereva hajawahi kuona siku ndefu kama zile. Simu ya mezani ikilia, alikuwa wa kwanza kuinuka. Siku ya tano alimwomba msimamizi ruhusa ya kupita tu mbele ya saluni, asiingie, apite.

"Ukipita, atakuona. Akikuona, umemsukuma. Zunguka njia nyingine."

Akazunguka, viatu vikala vumbi la barabara ya nyuma, roho ikitaka kuruka. Nyumbani akawa anapiga mluzi na kuanzisha kazi ambazo hakuna aliyemtuma. Akafungua kabati la nguo bawaba zote, akashindwa kulirudisha. Siku ya sita akatia chumvi kwenye chai ya mkewe.

"Baba watoto," mkewe alisema akitema chai, "una nini?"

"Mambo ya kazi. Siwezi kusema."

"Basi ni mwanamke."

"Ni wawili," alijibu kabla hajafikiri.

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Wawili! Na kabati limekushinda! Haya, sitakuuliza tena. Lakini kabati nalitaka limesimama kabla ya Jumapili."

Kesho yake ilikuwa siku ya mazungumzo yao ya kila wiki na msimamizi, saa nzima ambayo Dereva alizoea kuitumia kuhesabu mafanikio yake. Safari hii alisema ukweli: halali vizuri, anakula bila kuonja, anamwota yule binti akimuuliza kama anajua kitu. Alidhani ataambiwa ajikaze.

"Unamsubiri yule mama aamue ili wewe upone," msimamizi alisema. "Huo ni mzigo ambao hakuuomba. Akisema hapana, wewe utakuwa nani?"

Dereva akaitazama kadi yake ya shingoni. "Nitakuwa mtu aliyeuliza vizuri."

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sasa nenda nyumbani saa kumi, si saa moja. Na kesho sitaki kukuona hapa kabla ya mfagiaji."

Alitii. Jumamosi akalisimamisha kabati, ingawa mlango mmoja uliapa hautafunga. Akalala kama gogo.

Jumatatu ya siku ya kumi na mbili, msusi alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa vizuri, na nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu aliyeshika kofia kwa mikono miwili. "Huyu ni mume wangu," alisema. "Alinuna siku tatu. Siku ya nne akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia sijui. Akasema basi twende tukaulize."

Dereva alihisi miguu inataka kucheza. Akaikaza. Akamwita msimamizi, akaandika tarehe na saa, akapiga simu.

Walikutana Ijumaa kwenye chumba kidogo cha mahojiano chenye dirisha la ua. Msimamizi aliketi ndani pamoja nao. Dereva alibaki koridoni kwa kupenda kwake, kwenye benchi, akisugua magoti kwa viganja. Mume wa msusi aliketi kando yake, kofia ikizunguka vidoleni. Ndani kulikuwa kimya. Dakika moja. Mbili. Dereva akaanza kusoma tangazo la ukutani, akalisoma mara nne asiambulie neno.

Kisha ikasikika sauti ya msusi, kavu na yenye kutetemeka: "Jamani, nani amekuharibu nywele hivi?"

Kicheko cha binti kikalipuka, kile cha mtu aliyebana pumzi tangu alfajiri, na cha mama yake kikakifuata, na katikati ya vicheko hivyo kilio ambacho hakikujulikana ni cha nani. Mume wa msusi alimshika Dereva bega kwa nguvu mpaka likauma. Dereva alikuwa na furaha ya kutaka kukimbia barabara nzima akipiga honi.

Badala yake alirudi mezani, akaandika ripoti. Kwenye nafasi ya chanzo cha taarifa aliandika wazi kwamba aliyasikia maneno hayo akiwa dereva wa ofisi, hakuambiwa yeye, na kwamba mwenye maneno aliulizwa kwanza. Msimamizi aliisoma, akaweka sahihi, akamwagiza atayarishe somo kwa madereva, wafagiaji na walinzi wote wa ofisi, kuhusu yale wanayoyasikia bila kuambiwa. Dereva aliondoka mle akiwa amepanda cheo moyoni, hata kama barua haikuandikwa.

Mambo hayakunyooka yote mara moja. Msusi na binti waliwahi kukosana wiki ya nne, wakapatana ya sita. Kilichomtia Dereva wasiwasi zaidi ni yule mama wa tanuri, aliyemlea binti kwa mikono yake. Akahofia ataona amenyang'anywa. Akamwomba msimamizi aende kumwona, na safari hii aliomba kabla ya kupanga chochote kichwani.

Mama wa tanuri alimpokea kwenye geti la bluu akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Alisikiliza maelezo yote ya ofisi kwa heshima, kisha akaonyesha kwa kidole dirisha la jikoni. Ndani, msusi alikuwa amemkalisha fundi simu kwenye kigoda, chanuo mdomoni, akimfumua nywele.

"Wanakuja hapa tangu Jumapili iliyopita," mama wa tanuri alisema. "Niliwaita mimi. Ingia, baba, usisimame juani. Lakini mimi ndiye wa kusukwa baada ya huyo, kwa hiyo ukae ukijua foleni ni ndefu."