Likizo ya Mwanahawa na Vyama Viwili

Mwanahawa hakuwahi kukanyaga Marekani, wala hakuwa na haja, maana Marekani yenyewe ilimfuata jikoni. Alikuwa mpishi na mtunza nyumba wa mume na mke Wamarekani, nyumba ya chini pale The Pearl, mtaa wa kifahari wa Doha. Bwana, Mista Nick, alikuwa wa chama cha Republican. Bibi, Madamu Fiona, alikuwa wa chama cha Democrat. Walioana vipi, Mungu ndiye ajuaye. Kila jioni runinga ikileta habari za Bunge la kwao na sheria ya wahamiaji, basi, wameanza. Huyu, "Mpaka kwanza!" Yule, "Watu kwanza!" Wageni wawili wa Doha wakigombania wageni, mbele ya mgeni wa tatu aliyeshika bakuli la supu.

"Mwambie, Mwanahawa!" kila mmoja alimvuta kwake.

"Supu inapoa," ndilo lililokuwa jibu lake siku zote.

Ingekuwa burudani tu, lakini safari hii Mwanahawa alikuwa na lake. Bintiye wa pekee alikuwa anaolewa Tanga, Ijumaa ya pili ya mwezi. Mtoto mmoja, harusi moja, mama akose? Nani awapokee wakwe, yule wifi yake mwenye mdomo? Wee! Likizo ilikuwemo kwenye mkataba, ila tarehe ilitaka sahihi, na nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Tangu Mista Nick anunue mashine ya kukimbilia bila kumshauri mkewe, hakuna jambo lililopita bila sahihi mbili kwenye karatasi ya mlango wa friji.

Mwanahawa akabandika ombi lake hapo frijini. Madamu alitia sahihi papo hapo, na kumkumbatia pia. Asubuhi Mista akaisoma huku anatafuna mkate, akaiona sahihi ya mkewe, uso ukambadilika.

"Fiona amekubali haraka hivi? Kuna jambo."

Akaongeza mstari: likizo sawa, lakini kwanza mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo, kwa sababu paka wa mtaani anaingia. Madamu alirudi kutoka kazini, akasoma, akawaka moto. Paka ana njaa! Paka hana kwao! Naye akaandika: likizo kwanza, kisha paka apewe bakuli, na baada ya miezi mitatu ahesabiwe mtu wa nyumba. Mista akapiga ukelele kwamba hiyo ni kumzawadia mvunja sheria. Makubwa! Wiki haikwisha, karatasi zikawa tatu. Komeo limo, bakuli limo, chanjo imo, na ile mashine ya kukimbilia imerudi tena. Likizo ya Mwanahawa ilikuwa chini kabisa ya karatasi ya tatu, kwa maandishi madogo. Paka mwenyewe aliingia na kutoka bila kusoma chochote.

Akimuuliza Mista, akimuuliza Madamu, jibu ni lilelile: "Mimi nakuunga mkono kabisa, Mwanahawa. Mwenzangu ndiye anayekwamisha."

Zikabaki siku nne. Mwanahawa akajifungia na mashuka ya kupiga pasi, akalia hadi kanga ikalowa. Kisha akampigia Arafa, Mzanzibari, yaya wa nyumba ya tatu.

"Shoga, hujawajua bado?" Arafa akamcheka. "Hao hawapitishi wanalolitaka. Wanapitisha la kumkomoa mwenzao. Waendee kinyume, khalas, yamekwisha."

Uongo mkubwa kuliko wote wa Mwanahawa mpaka siku hiyo ulikuwa juu ya chumvi ya supu. Lakini mtoto ni mtoto. Akaandika karatasi mbili safi, likizo peke yake, akapiga moyo konde. Mista alikuwa juu ya mashine yake, anakimbia.

"Mista, Madamu amegeuka. Anasema nisiende."

Nusura mashine imtupe. "Anakunyima harusi ya mwanao? Lete kalamu!"

Akatia sahihi jasho likimchuruzika. Madamu alikuwa kwenye kioo, na Mwanahawa alifika "Mista anasema..." tu, karatasi ikapokonywa na kutiwa sahihi kwa penseli ya nyusi. Adhuhuri haijafika, kila mmoja kamkatia tiketi yake. Mwanahawa akapanda na moja, ya pili akawaachia waibishanie.

Ijumaa, ndoa imeshafungwa, vigelegele vimejaa ua, simu ikalia kwa video. Ni wao, wamebanana kwenye kioo kimoja, kila mmoja na karatasi yake.

"Nani alitia sahihi kwanza? Sema ukweli!"

"Mimi ndiye niliyekuruhusu!"

"Wewe? Wewe na komeo lako?"

Mama mkwe wa bintiye akachungulia. "Wanagombania nini hawa?"

"Wananigombania mimi," Mwanahawa akajibu, na kwa kweli kichwa kilianza kumvimba kidogo. Akaigeuza simu kwa bibi harusi, hina mpaka viwikoni. Madamu akasema, "Mrembo!" Mista akasema, "Hongera!" Wakarudi kwenye karatasi zao. Mwanahawa akangoja. Miaka minne amewalisha, wiki mbili wamepigania harusi hii, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anaitwa nani. Ikamuuma.

"Anaitwa Zuhura," akawaambia mwenyewe.

Wakatazamana, kisha wakauliza kwa sauti moja:

"Zuhura? Huyo ni wa chama gani?"

Mwanahawa akakata simu, akaenda kumwekea mwanawe mtandio vizuri.