Sharti Nililolifuta Ruhembe

Kosa langu la mwanzo, ambalo hadi leo nikilikumbuka katikati ya kazi vidole vinaganda, lilikuwa kufuta sharti la programu nisilolielewa kwa sababu tu lilikuwa baya kulitazama. Sikulifuta kwa haraka wala kwa uzembe. Nilikaa nalo siku nyingi, nikalisoma, nikalijaribu, kisha nikalifuta kwa furaha.

Chama cha wakulima wa miwa kule Ruhembe kilikuwa kimeniajiri kutunza programu yao. Sikuiandika mimi. Aliiandika kijana mwingine ambaye alikwisha kuhamia Dar es Salaam. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kupanga shamba la nani lichomwe na kukatwa lini, kisha kutuma meseji kwa mwenye shamba na kwa msimamizi wa wachomaji. Miwa huchomwa ili majani makavu yaishe wakataji wapite, na ikishaungua lazima iende kiwandani upesi, la sivyo inachacha palepale. Kwa hiyo zamu ndiyo kila kitu. Mtu anaweza kupalilia vizuri msimu mzima akaharibiwa na zamu.

Aliyenitafutia kazi hiyo ni shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa na shamba lake Ruhembe, aliloachiwa na marehemu mumewe. Shemeji zake walisema tangu siku za msiba kwamba mwanamke peke yake haiwezi miwa, awakodishie wao, apumzike. Alikataa, akalima. Ndiye aliyemfuata katibu wa chama akamwambia ana mtoto wa kaka yake Kilosa anayejua kompyuta, na katibu hakuuliza nimesoma wapi. Nilishukuru sana kwa hilo, maana sikusoma popote. Nilijifunza kwa simu, chumbani kwetu Kilosa, kwa kutazama video na kunakili kazi za watu mpaka zikaanza kueleweka. Nikahamia kwa shangazi, akanipa chumba cha mbele.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja kubwa: kwamba kuna kitu ambacho wenzake wote walifundishwa, yeye hakikumfikia, na siku moja kitamuumbua. Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama mlango nimeufunga. Ndiyo maana nilipokutana na kipimo cha utata nilikipenda kama mtu aliyeokoka jana.

Kipimo chenyewe si kigumu. Programu ni maagizo, na maagizo hugawanywa katika mafungu. Kila mahali fungu linaposema “kama ni hivi, fanya vile,” njia inagawanyika, na kila mgawanyiko unaongeza namba. Fungu lenye namba ndogo unalisoma ukaliona lote. Lenye namba kubwa linaficha makosa, na anayekuja kulirekebisha anaweza kugusa hapa akavunja kule. Hayo yote ni kweli. Kipimo hakikunidanganya. Nilichofanya ni kukifanya kinihukumu mimi badala ya kupima programu. Namba ikishuka, napumua. Isiposhuka, sili.

Fungu la kupanga zamu ndilo lilikuwa na namba mbaya kuliko yote. Lilikuwa na kama ndani ya kama ndani ya kama, limekatwakatwa mithili ya bonde walipopita ng'ombe kwenda majini. Nikaanza kulisafisha. Palipokuwa na maneno yaleyale yamerudiwa niliyaweka mahali pamoja. Majina ya herufi mbili niliyapa majina ya kueleweka. Ilikuwa kazi nzuri, na sina haya kuisema. Ofisini walizoea kunitania.

“Fundi, leo imeshuka?” bwana shamba alikuwa akiniuliza akivua kofia ya pikipiki.

“Imeshuka kidogo.”

“Ikifika sifuri utatuaga? Maana kazi itakuwa imeisha.”

“Muache,” katibu alikuwa akisema. “Huyu hata chai anaipima sukari kwa macho mara mbili.”

Likabaki sharti moja. Lilisema kwamba kama shamba halina kitu kwenye nafasi iliyoandikwa “nj”, basi programu isitumie umri wa miwa ya shamba hilo. Itumie umri wa miwa michanga kuliko yote katika kundi lake. Nililiona ni kosa la wazi. Shamba litaachaje umri wake lichukue wa jirani? Hapakuwa na maelezo. Na sharti lenyewe lilikuwa limejipenyeza kila mahali, likizidisha njia. Namba ya kijana aliyeliandika nilikuwa nayo kwenye simu. Niliandika: “Kaka, habari za kazi. Samahani, hili sharti la nj ni la nini?” Nikaisoma meseji yangu. Nikaona kama kuna mtu upande wa pili anacheka. Nikaifuta.

Badala ya kuuliza, nilijaribu. Nilibuni mashamba ya mfano, kila moja na mpaka wake, kila moja limezungukwa na barabara, hakuna lililogusana na lingine. Nilibuni nchi kama ninavyopenda nchi iwe. Niliendesha majaribio bila lile sharti, yote yakapita. Nikalifuta. Namba iliporomoka mpaka nikaipiga picha.

Msimu ukaanza. Ruhembe wakati wa kuchoma, masizi meusi huelea hewani na kutua juu ya kila kitu. Watu huanua nguo kwenye kamba na kuendelea na mambo yao. Mchana mmoja tulikuwa ofisini, bwana shamba akasimama mlangoni akitazama.

“Ule moshi mbona unatembea?” alisema.

Alichukua pikipiki, nami nikapanda nyuma. Tulipofika, shamba la mzee jirani wa shangazi lilikuwa limekwisha kuungua kama ilivyopangwa. La shangazi ndilo lilikuwa linawaka. Kati ya mashamba hayo mawili hapakuwa na barabara, palikuwa na mfereji mdogo ambao mtu anauvuka bila kukaza mwendo. Wachomaji walikuwa wanapiga moto kwa matawi mabichi, wamekwisha kukata tamaa.

“Meseji imesema shamba la mzee,” msimamizi wao alisema, akimnyooshea bwana shamba simu. “Nimechoma la mzee. La mama halimo. Miaka yote yanakuja pamoja, safari hii yamekuja mbalimbali, nikajua ofisi mmebadilisha utaratibu.”

“Na upepo?”

“Upepo umegeuka, bwana. Ningeushika na nini?”

Hapo ndipo nilipoijua “nj”. Ilikuwa njia ya moto, ile barabara inayotenganisha shamba na shamba. Yasiyo na njia kati yake huchomwa siku moja, na lililokomaa husubiri changa. Ruhembe hakuna asiyelijua hilo. Nami nilikuwa nalijua, hilo ndilo linaloniuma. Nilipokuwa mdogo nilikuja likizo, nikamsikia mzee yuleyule akimlalamikia marehemu mjomba, mume wa shangazi, kwamba miwa yake inamchelewesha kama bibi harusi, na mjomba akamjibu kwamba bibi harusi hubembelezwa, haharakishwi. Walicheka, wakasubiriana. Jambo lile niliishi nalo miaka yote, nikashindwa kulitambua lilipokuja mbele yangu limevaa nguo za kompyuta.

Shangazi alifika kwa miguu, khanga begani. Hakulia. Moto ulipopita aliingia pembeni ya shamba, akavunja muwa mmoja, akaufuta masizi, akaumenya kwa meno. Alitafuna kidogo akatema.

“Bado,” alisema.

Mzee jirani alimjia ameshika kofia yake mkononi. “Pole, mama. Mimi niliona zamu yangu imewahi, nikafurahi tu. Sikuwaza.”

“Nimeshapoa, mzee. Ni upepo.”

Wote walisema upepo. Katibu alihangaika kutafuta magari, lakini ya siku ile yalikuwa yamepangiwa wengine, na kiwanda hakikuwa na hamu ya miwa michanga. Baada ya muda, ukipita barabarani ulisikia harufu kama ya togwa iliyosahauliwa.

Nilimweleza kosa langu katibu kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Alisikiliza, akageuza kalamu vidoleni.

“Acha iwe upepo,” alisema. “Upepo haufukuzwi kazi. Wewe unafukuzwa.”

Shangazi nilimkuta uani anaosha vyombo.

“Shangazi, siyo upepo.”

“Ni nini?”

“Kulikuwa na sharti kwenye programu la kuyafunga mashamba pamoja. Nililitoa.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna.”

“Lilikuwa linazuia kazi?”

“Hapana. Lilikuwa limekaa vibaya.”

Aliendelea kusugua sufuria. “Limekaa vibaya,” alirudia, kwa sauti ya mtu anayejifunza neno. “Na hukumuuliza mtu.”

“Sikuuliza.”

“Hata mimi? Mimi ninayelala chumba cha pili?”

Alisuuza sufuria, akaifudikiza juani.

Baada ya hapo shemeji zake walikuja. Walikaa sebuleni wakanywa chai yake. Mkubwa wao alisema, bila ukali wowote, “Shemeji, tulisema tangu mwanzo. Miwa inataka mtu wa kusimama nayo.” Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Shangazi alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa mimi. Alinitazama. Kisha akawaongezea chai. Alijua nikitajwa pale, mpaka jioni chama kizima kitajua, na mtoto wa kaka yake atarudi Kilosa kuanza upya. Alichagua waseme hawezi. Nami nilinyamaza, nikahesabu hilo nalo kuwa ni adabu ya kijana mbele ya wakubwa. Waliondoka na shamba: shangazi alikubali kuwakodishia.

Nilikimbilia nyumbani Kilosa. Mama aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza, “Wifi yangu umemwacha na nani?” Nilitoka nje. Nilishinda nimekaa juu ya tuta la mto, lile la kuzuia mafuriko, pale tulipokuwa tunateleza utotoni kwa vipande vya madumu. Kwetu sisi watoto tuta lilikuwa kilima cha kuchezea, na lilikuwa linaziba njia ya mkato kwenda upande wa pili. Mtu mgeni, aliyekuja kiangazi, angeweza kabisa kusema liondolewe. Angelipima, angeona linarefusha safari, na namba zake zingekuwa sahihi.

Niliporudi nilimpigia yule kijana wa Dar es Salaam. Aliposikia “nj” alicheka, kicheko kizuri, kisicho na dharau niliyoiogopa. Nilipomweleza yaliyotokea aliacha kucheka.

“Nilipaswa kuandika hata mstari mmoja wa maelezo,” alisema.

“Kwa nini hukuandika, kaka?”

“Mdogo wangu, pale nani angeweza kusahau kitu kama kile?”

Nililirudisha sharti siku hiyohiyo. Baadaye nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nililitoa ndani ya fungu kubwa nikalipa fungu lake lenyewe, lenye jina linalosomeka: mashamba yanayochomwa pamoja. Chini ya jina niliandika kwa maneno ya kawaida kwa nini lipo na nani wa kuulizwa. Fungu kubwa likawa jepesi kusoma. Programu nzima, ukiijumlisha, ilipanda utata kidogo, na nikaiacha ipande, ingawa kwa siku kadhaa nilikuwa nikiitazama namba ile kama mtu anayetazama doa kwenye shati lake akiwa mbele za watu. Mashamba yangu ya mfano niliyabomoa nikabuni mengine, yaliyobanana, yenye mipaka iliyopinda, yenye mfereji unaovukika. Moja nililipa umbo la shamba la shangazi. Kila nikibadilisha chochote, programu hulipitia lile kwanza.

Msimu uliofuata nilipata moyo, nikawaendea shemeji zake nyumbani kwao nikawaambia kwamba kosa lilikuwa langu, siyo lake. Mkubwa wao alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ni jambo jema kijana kumtetea shangazi yake namna ile. Akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi nimepanga chumba Mikumi, upande wa barabara kuu, malori yanapita mpaka vikombe vinagongana kabatini, na nyani wakipata dirisha wazi hubeba mkate. Nikimaliza kazi Ruhembe napita kwa shangazi. Nasema shikamoo, anasema marahaba, ananipakulia. Ananiuliza habari za mama. Kazi yangu haniulizi. Dirisha la jikoni kwake linatazama lile shamba, na miwa inayoonekana pale, mizuri tu, wanaipalilia watu wa shemeji zake.

Kilichobadilika ni hiki: sifuti tena sharti lolote kabla sijampata mtu wa kuniambia lilikuwa la nini. Programu inapanga zamu vizuri, na yaliyokomaa yanasubiri machanga. Shangazi halimi tena miwa.