Isale Lililoinuka Kwenye Simu za Wateja

Kosa ni langu, wala si la mashine. Kiboriloni nzima wanajua nusu ya habari hii. Leo nasema na nusu niliyoificha.

Shangazi yangu ana mgahawa pale, anauza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Alitaka programu ya simu ili wateja waagize kabla hawajafika, kazi akaniachia mimi. Nikamwomba rafiki yangu Elia, mbunifu. Elia alikaa mgahawani akitazama watu wanavyokula, kisha akaniletea ukurasa mweupe wenye kitufe kimoja kikubwa: "Kama jana." Eti wateja wa shangazi hawabadili chakula.

Nikaona ni uvivu. Nikaiambia akili mnemba itengeneze nyingine, nikaipa na picha ya mmea wa isale niliyopiga kwenye mpaka wa shamba letu, ili pawe na Uchaga kidogo. Jamani, kilitoka kitu kinameremeta! Mlima, ukungu, na kila ukifungua, jani la isale linainuka taratibu kukujia.

Nikamwambia Elia kwamba shangazi ameikataa kazi yake. Uongo. Shangazi hakuwahi hata kuiona. Nikaisambaza ile ya mashine kwa wateja.

Sasa, kwetu Wachaga, mtu akikuletea isale anaomba radhi kwa kosa alilokutendea. Nilijua hilo tangu utotoni. Siku ile niliona pambo tu.

Kesho yake akaingia mzee wa Old Moshi, mteja wa miaka mingi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Isale lenu nimelipokea. Haya, mlinilisha nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama mmoja akadakia nyuma yake: "Mimi kila nikifungua linanijia. Kosa gani hilo lisilokwisha?"

Mchana mtori ulibaki sufuriani. Shangazi akaniita jikoni.

"Umeniungamia dhambi nisiyoitenda. Sasa kila mtu anajichagulia yake. Kuna anayesema nyama ilikuwa ya punda."

Jioni nikaenda kwa Elia na isale mkononi, nikamweleza yote, pamoja na ule uongo. Akaligeuzageuza.

"Hili mbona halimeremeti?"

"Nimelichuma mwenyewe."

Akalipokea, akafungua kompyuta yake.

Siku hizi wateja wanabonyeza "Kama jana" na sufuria inarudi tupu. Ndugu msomaji, mashine itakupambia chochote unachoipa, bila kuuliza unamwomba nani radhi. Rafiki angeuliza. Na kama rafiki huyo umeshamdanganya, masale yamejaa mipakani. Usimtumie picha.